Ruhusa ya Kumkumbuka Atuganile

Ambakisye aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, na hapo hapo nikajua ana jambo, kwa maana mtu wa Itebya asiyebisha hodi ama ni mwizi ama amefiwa. Alikuwa bado na koti la machimboni, vumbi la Chunya limemganda shingoni. Akatoa mfukoni kandambili mbili ndogo, nyekundu, akaziweka juu ya meza yangu katikati ya waya na vikombe vichafu.

"Dada Gwantwa," akasema, "mke wangu kaniuliza hizi ni za nani."

Nilimwambia akae. Hakukaa.

"Nimefika jana jioni. Kanipokea vizuri, kanichemshia maji, kanipikia ndizi. Anaimba, dada! Nikasema Mungu mkubwa, mwenzangu moyo umetulia. Leo asubuhi anafagia, kazitoa hizi uvunguni, anacheka. 'Ambakisye, nani katuachia kandambili za mtoto?' Ambakisye! Miaka sita yule mwanamke ananiita Baba Atu. Nikatoka nje, nikamsikiliza anavyosalimiwa na watu. Hakuna hata mmoja anayemwita Mama Atu. Wote Tumpe, Tumpe, kama msichana asiyewahi kuzaa."

"Shemeji..."

"Wamemtoa mwanangu kichwani mwa mama yake. Nani kawapa ruhusa?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo. Ruhusa niliitoa mimi, kwa mikono yangu, kwenye kiti hicho hicho nilichokuwa nimekalia.

Kwa asiyejua mambo ya Itebya nitaeleza, na nitaeleza upesi, maana sipendi kusimulia kirefu kazi iliyoniaibisha. Miaka mitano iliyopita ilipita homa tuliyoiita Ukungu. Aliyepona alibaki na akili zake timamu mchana kutwa, lakini akilala tu, kila kitu kinafutika. Anaamka hajui jina lake, hajui kama ameoa, hajui kijiko ni cha nini. Ndipo vikaletwa vinong'onezi. Kinong'onezi ni kidude kidogo, ukubwa wa punje ya maharage, kinachobandikwa nyuma ya sikio. Kila mgonjwa ana tovuti yake, na tovuti zote mia tatu na kumi na mbili zinakaa kwenye seva moja, katika ghala la zamani la chai huku kilimani, kwa sababu baridi yetu inaipoza mashine bila gharama. Mgonjwa akiamka, kinong'onezi kinafungua tovuti yake na kumsomea: wewe ni fulani, huyu ni mumeo, chumvi iko kwenye kopo la bluu. Kabla hajalala kinaiandika siku yake. Mimi Ukungu ulinipita, na nilikuwa nimesomea kompyuta, kwa hiyo nikawa msimamizi wa seva. Seva moja, msimamizi mmoja, roho mia tatu na kumi na mbili.

Ruhusa zenyewe si jambo la kuumiza kichwa. Kila tovuti ni folda kwenye seva, na kila folda inatambua watu wa aina tatu: mwenyewe, kundi, na wengine wote. Kila aina inaweza kupewa ruhusa tatu: kusoma, kuandika, kuendesha. Basi. Nipe mtoto wa darasa la nne nitamfundisha kabla uji haujapoa. Mafunzoni walituambia jambo moja kila siku hadi tukachoka kulisikia: usimpe mtu ruhusa kuzidi kazi yake. Niliandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake. Kisha nikarudi kwetu, nikawa mtu wa kwetu.

Kwa maana ndugu peke yao walishindwa kuzijaza tovuti. Mke anamjua mume akiwa nyumbani, lakini anayemjua akiwa shambani ni jirani. Mtu aliyemshika mkono bibi harusi siku ya ndoa ni jirani. Aliyejua babu fulani alikuwa akiogopa mbuzi ni jirani. Nikaunda kundi nikaliita majirani, nikalipatia ruhusa ya kuandika kwenye kila tovuti, na watu wakaja na viazi vya kuchoma wakakaa wakaandika, wiki baada ya wiki, hadi wagonjwa wetu wakaamka wakiwa watu kamili. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Nililia.

Ilikuwa iwe miezi mitatu tu. Kila nilipotaka kuifunga ruhusa ile waliniuliza, "Gwantwa, tumefiwa pamoja, tumelala chini pamoja, leo unatufungia mlango?" Kwetu mlango wa mgonjwa haufungwi. Ukifunga mlango mchana jirani anajiuliza unakula nini. Nikaona haya, nikaacha. Tena akaunti ilikuwa moja kwa wote, neno la siri linajulikana mpaka na wauza nyanya, hivyo daftari la mfumo haliwezi kukuambia nani kaandika nini. Linasema tu: majirani.

Nilipofungua tovuti ya Tumpe mbele ya macho ya Ambakisye, ndivyo lilivyosema. Majirani. Majirani. Majirani. Mistari mia nane na ushei iliyofutwa kwa siku moja, kuanzia mimba hadi mazishi.

Na mimi nilikuwepo kwenye mazishi hayo. Na wiki mbili kabla ya Ambakisye kuja ofisini nilikuwa nimemwona Tumpe sokoni akiimba, nikafurahi, nikanunua mboga zangu nikapanda kilima. Sikuuliza.

*

Sikuhitaji kutafuta sana. Nilikwenda moja kwa moja kwa Subilaga, Mama Ipyana, kiongozi wa kwaya, mtu ambaye Itebya haipangi hata safari ya kuchota maji bila yeye. Nilimkuta uani anamenya ndizi. Hakukana hata kidogo.

"Tulikaa kikao," akasema. "Kaa chini, usinisimamie kama askari."

"Kikao cha kufuta mtoto wa mtu?"

"Tulianza kwa sala. Muhtasari upo, unataka nikuletee? Gwantwa, wewe unakaa huko ghalani, usikie nini? Mtoto kachukuliwa na mto Aprili. Tangu siku ile, kila asubuhi saa kumi na mbili Tumpe anaamka, kile kidude kinamwambia mwanao amekufa, anapiga yowe. Siku ya kwanza tulikwenda mbio. Ya pili tukaenda. Ya kumi tukaenda. Mumewe alisubiri matanga yaanuliwe akarudi mgodini, hakuyasikia yaliyofuata. Sisi tumeyasikia siku sitini na tatu. Kila siku anaambiwa upya, kila siku anakimbilia mtoni na nguo ya kulalia. Ungekuwa wewe?"

"Mngekuja kwangu."

"Ungetwambia nini? Ungetwambia sheria." Alitupa maganda kwa mbuzi. "Tulipiga kura. Wawili walikataa, tukawaomba wasiseme. Tukakusanya nguo zake zote usiku mmoja. Watoto tukawakataza kumtaja. Tukakubaliana tusimwite tena Mama Atu, na hilo, dada, ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nimekosea mara mbili nikajifanya nakohoa."

"Na Ambakisye?"

"Tulisema akija tutamweleza."

"Mlimweleza?"

Akaendelea kumenya. "Nani ana mdomo wa kueleza jambo kama lile?"

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa na vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, na ndizi zenyewe, nilijua, nusu zilikuwa za kumpelekea Tumpe.

*

Nakala ya zamani nilikuwa nayo. Msimamizi asiyeweka nakala ni mkulima asiyeweka mbegu. Lakini kanuni, ile moja niliyokuwa bado sijaivunja, inasema tovuti hairudishwi nyuma bila idhini ya mwenyewe. Mwenyewe ni Tumpe. Sasa nitamwombaje mtu idhini ya kumrudishia kitu asichojua kwamba alikuwa nacho?

"Wewe muulize tu," Ambakisye akasema. "Mimi siwezi hivi, dada. Sina hata mtu wa kulia naye. Nikilia mezani ananiuliza nini, nasema pilipili. Yule mtoto nimebaki naye peke yangu. Nikifa mimi huko shimoni, basi, hakuna mzazi duniani anayejua kwamba alizaliwa."

Tukamwita Tumpe. Alikuja na kanga mpya, akanitania kuhusu vikombe vyangu, akasema nikiolewa mume atakunywa chai na kuvu. Nilimwambia akae karibu na mumewe.

"Tumpe, kuna kitu chako kimeondolewa kwenye tovuti yako. Hukuulizwa. Waliokiondoa wanakupenda. Kitu chenyewe kinauma, sitakudanganya, kinauma sana. Ukikitaka nitakirudisha. Ukikikataa nitanyamaza mpaka nakwenda kaburini."

Kicheko kikamwisha. Alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa tayari ameuficha uso kwenye koti.

"Ni changu kweli?"

"Ni chako kuliko chochote ulicho nacho."

"Na huyu anakijua?"

"Anakijua."

"Basi kirudishe," akasema. "Haiwezekani mume wangu alie peke yake juu ya kitu changu, mimi nakaa naimba kama mjinga."

Nikakirudisha. Kisha, kwa hasira na kwa kujiona mtu mwema, nikaliondolea kundi la majirani ruhusa ya kuandika kwenye tovuti zote mia tatu na kumi na mbili. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Miaka mitano niliogopa chafya.

*

Asubuhi yake nilishuka kilima mapema, nikasimama nje ya nyumba yao. Saa kumi na mbili kamili nikausikia ule ukelele.

Sitauandika ulivyokuwa. Nitasema tu kwamba nilikaa chini kwenye umande, mimi mtu mzima na mwanamke wa kazi.

Kinong'onezi hupeleka habari. Hakipeleki kuzoea. Sisi wengine tukifiwa, kila siku inatupunguzia kidogo, mwaka ukiisha tunaweza kumtaja marehemu na kumeza tonge. Hayo hayaandikiki. Tulijaribu mimi na Ambakisye, tukaweka juu ya ukurasa maneno ya upole, ulishajua hili, ulishalia, pumua kwanza. Yalifika kwake kama barua ya mtu mwingine. Kila asubuhi Atuganile alikuwa amekufa jana.

Lakini mchana ulikuwa unamsaidia. Kufika saa sita anakaa. Kufika saa tisa ananawa uso, anauliza maswali. Na jioni, ilipofika saa kumi na moja hivi, Tumpe alikuwa mtu aliyekwisha kuzika. Alikaa kwenye kizingiti akatusimulia jinsi Atu alivyowapa mbuzi majina ya walimu wake, na jinsi mwalimu mkuu alivyokuja kunywa maji siku moja akasikia anaambiwa aache kula mahindi. Alicheka hadi akashika mbavu. Alinishika mkono akasema, "Ahsante, dada. Hebu fikiria ningekufa bila kuyajua haya."

Siku ya tatu, asubuhi, katikati ya mayowe, alichukua simu akafungua tovuti yake akafuta. Alikuwa na haki hiyo, ni mwenyewe. Jioni alipanda kilima anakimbia, miguu mitupu, koo limekauka. "Rudisha! Rudisha kabla sijalala!" Nikarudisha. Siku ya tano vile vile. Siku ya saba vile vile.

Siku ya nane Ambakisye alifunga begi. Nilimkuta stendi.

"Nilidhani yale mayowe ya wiki ya kwanza yalikuwa ya wiki ya kwanza," akasema. "Nilitaka mwenzangu wa kulia naye, dada. Sikujua nimeomba nini."

"Sasa unamwachia nani?"

Gari lilipokuja alipanda, akakaa upande wa pili ili tusionane. Nilimtukana moyoni matusi yote ninayoyajua, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliishi kilimani miezi yote ile bila kusikia kitu.

*

Jioni ya siku ya kumi Tumpe alifika kwangu giza likikaribia, anapepesuka kwa usingizi. Alikuwa amejichapa mashavu njiani asilale. Nilirudisha alichokifuta asubuhi, naye akabaki amesimama.

"Siku moja nitachelewa," akasema. "Nitasinzia njiani, atakuwa amepotea."

"Nakala ninayo. Hapotei."

"Nisipokuja kukudai wewe utajuaje kama namtaka? Niondolee ruhusa, Gwantwa. Ya kuandika. Acha kinong'onezi kiandike siku zangu, lakini mimi mwenyewe nisiweze kugusa kurasa za mwanangu."

"Wewe ndiye mwenye tovuti. Sijawahi kumfungia mtu nje ya nyumba yake."

"Yule wa asubuhi ndiye unayemfungia."

"Yule wa asubuhi ni wewe, Tumpe."

"Yule anajua jambo moja tu, kwamba kafa. Mimi najua alivyoishi. Kati yetu nani ndiye mama yake?"

Mfumo hauna aina ya nne. Hauna mwenyewe wa asubuhi na mwenyewe wa jioni, una mwenyewe tu, na waliousanifu hawakuwahi kufikiri kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na madai mawili yanayopingana juu ya folda moja.

"Hata nikikupigia magoti," akasema. "Hata nikikulaani. Apa."

Nikaapa. Nikaingia kwa akaunti ya mzizi, ile iliyo juu ya wenyewe wote, makundi yote na wengine wote, ambayo neno lake la siri nalijua mimi tu. Nikazikusanya kurasa zote za mtoto kwenye folda moja, nikaiita atu, nikamwachia Tumpe ruhusa ya kuisoma na kumwondolea ya kuiandika. Nikarekodi na sauti yake akieleza ni kwa nini, ili asubuhi asikie kwa masikio yake. Alienda nyumbani amepoa kabisa, kama mtu aliyepata dawa.

Asubuhi alikuja na nguo ya kulalia, akapiga magoti kwenye saruji.

"Nimekukosea nini, dada? Niambie nimekukosea nini."

Nikamchezea ile sauti. Aliisikiliza yote, machozi yanatiririka, hakuvuta hata pumzi. Ilipoisha akatikisa kichwa.

"Huyo mwanamke hanipendi," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Alikuja kila asubuhi, nami kila asubuhi nilikataa, na kila jioni alinishukuru kwa kukataa. Watu waliacha kunisalimia. Nikipita sokoni wanainama wanapanga nyanya. Mama Ipyana peke yake ndiye aliyenisimamisha njiani, na kwaya nzima iko nyuma yake.

"Sisi ulitwambia tuliingia bila ruhusa," akasema. "Haya. Wewe umefunga mlango, na mtu yuko ndani anaungua."

"Ameomba mwenyewe."

"Kila siku saa kumi na mbili anaomba kingine. Sisi tunamsikia. Wewe unamsikia?"

"Namsikia, Mama Ipyana."

"Basi Mungu akusamehe," akasema, na hakuwa na uhakika, nilimwona.

Nilijishikilia kwenye zile jioni. Nilizihesabu kama mgonjwa anavyohesabu vidonge vilivyobaki. Ila zilikuwa zinapungua. Tumpe alikuwa hali vizuri, amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Utulivu uliokuwa ukija saa kumi na moja ukaanza kuja saa kumi na mbili, kisha saa moja, kisha ukaja ukakaa dakika chache tu, jina la mbuzi mmoja, tabasamu moja, akasinzia. Siku ya arobaini na moja nilikaa naye tangu mchana nikisubiri. Jua likazama. Alilala bado analia. Siku ya arobaini na mbili vile vile, na ya arobaini na tatu.

Yule aliyeniapisha hakuja tena. Nilibaki na kiapo chake na yowe la mwenzake.

Siku ya arobaini na nne, saa moja ya jioni, alipolala tu, nilikwenda kwenye mashine. Sikufuta. Nilihamisha kila mstari uliomtaja mtoto, ule wa zamani na ule wa siku hizi arobaini na nne, nikauingiza kwenye folda ile. Kisha nikaondoa ruhusa zilizobaki. Mwenyewe: hakuna. Kundi: hakuna. Wengine wote: hakuna. Folda ipo mahali pale pale, hakuna kilichopungua ndani yake hata nukta. Anayeweza kuisoma ni mzizi peke yake, na mzizi ni mimi.

Sikumuuliza mtu. Sikupiga kura. Majirani walau walisali.

*

Saa kumi na mbili nilikuwa nje ya nyumba. Jogoo, ndoo, mlango. Kisha sauti ya fagio. Nilingoja hadi saa moja, nikapanda kilima, nikajifungia ofisini. Niliifungua folda nikasoma kuhusu mwalimu mkuu na mahindi, nikalia kwa sauti kama mtoto, kwa kuwa nilijua nikinyamaza mimi hakuna mwingine wa kumlilia.

Alasiri Tumpe alikuja na beseni la viazi kichwani.

"Ndaga, dada Gwantwa," akanisalimu. Kisha akaniona uso. "We! Macho yamekuvimba hivyo, kuna nini? Una msiba?"

Miaka yote ya kazi hii nimeweza kuwadanganya wakaguzi, wafadhili na viongozi wa kata. Yeye sikuweza.

"Nina msiba," nikasema.

"Jamani! Na hakuna aliyetwambia. Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto! Wa ndugu yako?"

"Wa rafiki yangu."

Akashika kifua. "Maskini. Na mama yake anaendeleaje?"

"Hajambo," nikasema. "Hajambo kabisa."

Akashusha beseni. Akavua viatu, akafungua kanga moja ya juu akaitandika sakafuni katikati ya waya, akaketi akanyoosha miguu kama wanavyoketi wanawake msibani, akanivuta mkono nikae. Sikuwa na nguvu za kukataa.

"Aliitwa nani?"

"Atuganile."

"Atuganile," akarudia taratibu. Nilimkazia macho. Nilitamani kitu kipite pale usoni, hata kivuli, na nilikiogopa kitu hicho kuliko kifo. Hakikupita kitu. "Jina zuri," akasema. "Pole, dada. Pole sana." Akalia nami kilio cha jirani, cha kutosha na cha heshima, akanipangusa uso kwa ncha ya kanga yake, na saa kumi na mbili ilipokaribia akainuka, akasema ana mbuzi wa kufungia.

Usiku kinong'onezi chake kiliandika siku yake kama kawaida. Niliisoma kulipokucha. Palikuwa na viazi, palikuwa na mbuzi, na chini yake palikuwa na mstari huu: Dada Gwantwa amefiwa, mtoto aliitwa Atuganile, si mtu wa kwetu, kesho nimpelekee uji.

Ruhusa ya kuufuta mstari ule nilikuwa nayo. Nikauacha. Saa mbili asubuhi Tumpe akaja na chupa ya uji, akaketi akanitazama nikinywa, akaniambia nimalize wote.